Kutu Hii ni ya Nani?

Usukani wa baiskeli ya babu uko mezani kwangu wakati naandika haya, umelazwa juu ya gazeti ili usichafue kitambaa. Una wiki tatu hapo. Mke wangu ameshauliza mara mbili utaondoka lini, na mara mbili nimejibu kwamba bado nafikiri. "Unafikiri nini sasa? Si uupeleke kwa fundi ukachovywe kromu, yaishe?" Swali la mtu mwenye akili zake timamu. Mimi nimeshindwa kulijibu, na ndiyo maana leo, badala ya uhakiki wa kitabu nilioahidi, mnapata baiskeli. Mnisamehe.

Ni Raleigh, ile nyeusi, ndefu, ya breki za vyuma, yenye nembo ya ndege wa shingo ndefu pale mbele. Babu aliinunua kwa hela ya pamba, Kwimba, mwaka 1958 kwa maneno ya shangazi, 1959 kwa maneno ya baba mdogo. Hawajakubaliana mpaka leo na sidhani kama watakubaliana. Aliipanda hadi miguu ilipokataa. Alipofariki mwaka 2003 ikaingizwa kwenye banda la nyuma, jirani na mbuzi, chini ya bati lililotoboka, ikakaa humo miaka ishirini. Kisha baba mdogo akaamua kulibomoa banda ajenge vyumba vya kupangisha. Akaja kijana wa chuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza, akaining'iniza baiskeli kama mbuzi wa kuchinjwa. Nilikuwepo siku ile kwa bahati tu. Nikasema hapana, naichukua mimi. Baba mdogo akanitazama kama mtu aliyesikia kwamba nimenunua kaburi.

Ukiutazama huu usukani kwa haraka unaona chuma cha zamani chenye kutu, basi. Ukiutazama taratibu unaona vitu viwili. Upande wa kushoto, karibu na shingo, kuna sehemu ya upana wa kiganja ambayo kromu imekwisha kabisa, imebaki nikeli iliyokuwa chini yake, rangi ya kijivu inayovuta umanjano, laini kama kokoto la mtoni. Hapo ndipo mkono wa babu ulipokaa alipokuwa anasukuma gunia la pamba kwenda kwenye ghala la ushirika. Mzigo ukiwa mkubwa hupandi. Unatembea pembeni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia, na baiskeli inakuwa punda. Msimu baada ya msimu. Kwingine kote ni kutu: vipele vya kahawia vimefumuka, vimeinua ngozi ya kromu na kuimenya. Ukipitisha kidole, kinakwaruzwa.

Tunasema "kromu", lakini kwenye kitu kama hiki kromu ndiyo kidogo kuliko vyote. Mng'ao mwingi ni wa nikeli. Kromu inawekwa juu yake ili nikeli isififie, na unene wake kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako ni mnene kuliko huo mara makumi. Tena ina vitundu ambavyo jicho halivioni. Unyevu unapenya humo, unapita nikeli pale ilipokuwa nyembamba, unakuta chuma. Kwa hiyo kutu ya kromu inaanzia ndani. Siku unapoiona juu, chini ilishakula zamani.

Msimamo wangu wa kwanza ulikuwa wa kifasihi, yaani wa kivivu: acha kama ilivyo. Sisi wasoma vitabu tuna ugonjwa wa kupenda kilichochakaa. Tunanusa kurasa za njano. Tunapiga picha mlango uliobabuka rangi na kuandika chini yake neno moja la huzuni. Na hoja za kujitetea hatukosi. John Ruskin, katika The Seven Lamps of Architecture ya mwaka 1849, aliwashambulia wakarabati wa majengo ya kale kwa hasira ambayo bado ina moto ukiisoma leo: kukarabati, kwake, ni uongo tangu mwanzo hadi mwisho, maana mkono wa fundi aliyekufa hauwezi kuitwa urudi. William Morris akafuata nyayo na mwaka 1877 akaanzisha chama cha kuyalinda majengo ya kale dhidi ya watu wanaotaka kuyafanya mapya. Nilikuwa na jeshi zima nyuma yangu.

(Wapo watakaonitajia meli ya Theseus, ubao mmoja baada ya mwingine hadi hakuna ubao wa zamani, je, bado ni meli ileile? Nashukuru, lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Hata nikiikromu yote, hata nikibadilisha kila kipuri, nyumbani wataiita baiskeli ya babu. Jina halina shida. Shida ni nini baiskeli hiyo itakuwa inasema juu yetu.)

Kuna pia Flann O'Brien, Mwairishi, na The Third Policeman, kitabu alichokiandika miaka ya 1939 na 1940, wachapishaji wakakikataa, kikatoka mwaka 1967 mwenyewe akiwa ameshafariki. Humo kuna sajenti wa polisi anayeamini kwa dhati kwamba mtu akiendesha baiskeli muda mrefu kwenye barabara mbovu, atomu zake na za baiskeli zinabadilishana, hadi wengine wanakuwa nusu watu nusu baiskeli. Ni kichekesho. Lakini kwa barabara za Kwimba za wakati ule, babu angekuwa amefika asilimia ngapi? Nilipoweka kiganja changu pale kwenye ile sehemu laini, nikakuta changu ni kidogo kuliko chake, kichekesho kikaniishia. Kumpeleka fundi akasage pale ilikuwa kama kumpa ruhusa ya kumsaga babu.

Basi nikapiga picha. Mwanga wa dirishani, kutu inaonekana vizuri, kila kipele na kivuli chake. Nikamtumia shangazi kwa WhatsApp nikitarajia machozi. Akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hiyo ni baiskeli ya nani?"

"Ya babu, shangazi. Ile ya bandani."

"Ya baba haikuwa hivyo."

Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti. Kila Jumamosi jioni babu aliigeuza baiskeli chini juu uani na kuifuta: pamba ya shambani iliyochovywa mafuta ya taa, kuanzia usukani hadi spoku moja moja. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa baada ya hapo. Akinyeshewa njiani, alikuwa anaifuta baiskeli kabla hajajifuta mwenyewe. Shangazi, akiwa na miaka kama sita, alipandishwa mbele kwenye fremu usiku mmoja kupelekwa hospitali ya misheni, homa imempanda, na kitu pekee anachokikumbuka katika safari ile ni kengele. Kulikuwa na mbalamwezi. Alikuwa anaiona sura yake kwenye kengele, imepinda, pua kubwa, na babu kwa nyuma, mdogo kabisa, anapiga pedeli.

"Hiyo kutu siyo ya baba," akasema. "Hiyo ni ya kwenu."

Sikuwa na la kujibu. Angalia nilichokuwa nimefanya: nilichukua miaka ishirini ya kutojali, ya mimi na baba mdogo na binamu zangu wote kuja likizo na kupita mbele ya banda lile bila hata kutupa turubai juu ya baiskeli, nikaiita historia. Nikaiita mguso wa wakati. Tena nikawa nataka kuilinda dhidi ya fundi, kana kwamba babu ndiye aliyeiacha. Yule mzee angeiona kutu ile angeona aibu, na aibu hiyo nilikuwa nimeipiga picha kwa mwanga mzuri. Nikarudi kwa Ruskin, nikagundua nilikuwa nimemsoma nusu. Kwenye kurasa zilezile anasema kitu kisicho na mahaba hata kidogo: yatunzeni majengo yenu vizuri, wala hamtahitaji kuyakarabati. Lile jeshi nyuma yangu lilikuwa limeelekeza mikuki kwangu.

Nikageuka upesi, kama mtu aliyeumbuliwa anavyogeuka. Nikaufunga usukani, kengele na vyuma vya breki kwenye mfuko wa salfeti, nikaenda kwenye karakana moja hapa Dar es Salaam wanakochovya. Rudisheni kila kitu king'ae kama 1958. Au 1959.

Fundi, mtu wa makamo, aliugeuzageuza usukani akanielewesha kazi. Kwanza ngozi ya zamani inavuliwa yote, kromu na nikeli, kwa asidi na umeme unaopitishwa kinyumenyume. Kinabaki chuma kitupu, na hapo ndipo mashimo ya kutu yanaonekana kwa ukweli wake. Kisha kinasagwa na kupigwa msasa hadi mashimo yaishe. Yaliyozidi yanajazwa shaba, inasuguliwa tena. Halafu nikeli. Kromu inakuja mwisho, dakika chache tu kwenye pipa. "Kazi siyo kuchovya, bosi. Kazi ni kusugua. Kromu haifichi kitu, inaonyesha kila kosa la chini yake."

Akafika kwenye shingo, ambako babu alipigilia herufi tatu za majina yake kwa msumari, vidoti vidoti, ili mwizi akiuza watu wajue. "Hizi sikuhakikishii. Kutu imezila pembeni, nikisaga vizuri zinaondoka. Nisiposaga vizuri, utanirudishia kazi." Nikamuuliza kuhusu ile sehemu laini ya kushoto. Akaipapasa kwa dole gumba. "Hapo? Hapo patakuwa sawa na pengine pote. Hutajua."

Hutajua. Alikuwa ananipa moyo. Lakini ndipo nilipoona kwamba kuchovya kungefuta vitu viwili kwa mkupuo mmoja, na mashine haiwezi kutofautisha. Ingefuta mkono wa babu, na ingefuta uzembe wetu. Nikaiona ile baiskeli sebuleni kwa baba mdogo, inamulika, na wageni wanasema, "Aisee, mmeitunza kweli!" na sisi tunainamisha vichwa kwa unyenyekevu: "Tunajitahidi." Usukani ule ungekuwa shahidi wa uongo tuliyemlipa wenyewe. Sisemi kila anayekromu upya anadanganya. Mtu aliyeokota baiskeli ya mtu asiyemjua sokoni hana cha kuficha. Anatengeneza kitu kizuri, Mungu ambariki. Uongo unaanza pale anayesugua ndiye aliyeozesha.

Lakini na kuiacha na kutu yake, kuitundika ukutani chini ya taa ili kila mtu aone jinsi tulivyokosa, nako kuna harufu. Kuna watu wanatubu kwa sauti kubwa ili wasifiwe kwa toba. Mimi ningeweza kabisa kuwa mmoja wao. Ninaandika makala hii, si ndiyo?

Nikiwa bado nimesimama pale, kijana alitoka chumba cha nyuma kubeba vipuri vya pikipiki. Miaka ishirini hivi. Glavu zimetoboka vidole viwili. Nikaomba kuchungulia. Pipa lilikuwa na maji ya rangi nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee, na umeme ulipowashwa yakaanza kuchemka vipovu vidogo, ukungu mwembamba ukapanda juu. Feni moja, tena ya mezani, ilikuwa inausukuma kuelekea mlangoni, yaani kuelekea kwangu. Koo likanikereketa ndani ya dakika moja. Nikamuuliza kijana kama anazoea. Akasema anazoea, ni pua tu inatoka damu mara mojamoja, hasa asubuhi.

Hili siyo fumbo. Asidi ile inajulikana kitambo: inatoboa ngozi vidonda vidogo visivyopona upesi, inatoboa ukuta wa katikati ya pua, na ukiivuta miaka mingi inaleta saratani ya mapafu. Umoja wa Ulaya, kuanzia Septemba 2017, ulipiga marufuku kuitumia bila kibali maalumu. Ipo kromu ya aina nyingine, isiyo na sumu kali namna hiyo, na mng'ao wake unatofautiana kidogo tu rangi. Nikamtajia fundi. Anaifahamu. Akanitajia bei ya dawa zake na wateja anaowapata, akaacha nipige hesabu mwenyewe. Nilipoanza kukunja salfeti yangu, akasema jambo ambalo mpaka leo sijalipatia jibu zuri: "Bosi, usipoleta kazi, dogo hatapata pua mpya. Atakosa tu hela."

Kweli kabisa. Kujiweka msafi kwangu hakumpi yule kijana pumzi hata moja. Na tusijidanganye kwamba zamani palikuwa pasafi. Mwaka uleule wa 1958 ambao shangazi anautaja, Alan Sillitoe, aliyewahi kufanya kazi Raleigh akiwa kijana, alichapisha Saturday Night and Sunday Morning, hadithi ya kijana wa Nottingham anayechonga vipuri vya baiskeli kwenye mashine siku nzima, analipwa kwa idadi, anaichukia wiki yote ili aifikie Jumamosi usiku. Nilikisoma miaka mingi iliyopita bila kukihusisha hata chembe na banda la mbuzi la Kwimba. Kromu ya wakati ule nayo ilitoka kwenye mapipa ya asidi hiyohiyo. Ile kengele iliyomfariji mtoto mwenye homa kwenye mbalamwezi, kuna mtu alisimama juu ya pipa ili ing'ae. Babu hakujua. Mimi najua, na hiyo ndiyo tofauti yote iliyopo kati yetu. Sijui kama inatosha kuitwa hoja.

Nilimwachia kijana hela ya glavu, nikajisikia vibaya zaidi kuliko kama nisingeacha, nikaondoka na mfuko wangu.

Wiki iliyopita shangazi alikuja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho. Nilimwonyesha kwanza ringi, ambazo nilikuwa nimeziweka kando kwa heshima zote kama vipuri halisi vya mwanzo. Akacheka mpaka akakaa. Hizo ni za tatu, akasema. Babu alizibadilisha mara mbili kwa macho yake, na kweli nilipofuta vumbi nikakuta zimegongwa muhuri wa India. Ikawa nafuu kubwa. Breki za vyuma zinavuta mpira kugusa ringi kwa ndani, na ringi yenye kutu inautafuna mpira kama msumeno, kwa hiyo mpya zimeshanunuliwa na wala sikuandika shairi. Ringi ni viatu. Babu alilijua hilo bila kumsoma mtu yeyote.

Kwenye usukani alikaa kimya zaidi. Aliweka mkono pale kushoto, akautoa. Nikamweleza habari za fundi, za herufi, za yule kijana na pua yake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwani nani kasema apewe fundi?" akauliza. "Mliotesha ninyi, sugueni ninyi."

Nikamweleza kwamba kusugua kwa mkono hakurudishi kitu. Kutu ya juu itatoka, mashimo yatabaki. Kromu iliyomenyeka haioti tena. Itakuwa safi lakini yenye makovu, na kila mwezi itabidi ipakwe mafuta la sivyo inarudi palepale. Akasema sawa, kila mwezi. Tukampigia baba mdogo. Alikubali haraka mno: atatuma hela, tumtafute mtu. Shangazi akanipokonya simu. "Hela hatutaki. Lete mkono." Wakabishana kwa Kisukuma kwa muda ambao sikuweza kuufuatilia wote. Mwisho wake ni kwamba atakuja mwisho wa mwezi kuanza upande wa kulia, na ndiyo maana usukani bado uko mezani na kitambaa changu bado kiko hatarini. Sina uhakika kama atakuja. Sina uhakika pia kama haya yote siyo maigizo ya familia inayotafuta namna nyepesi ya kujisamehe. Kusugua chuma kwa mchana mmoja dhidi ya miaka ishirini, hesabu haikubali. Lakini kati ya njia zote ndiyo pekee ambayo haimtumii mtu mwingine kubeba sehemu yetu.

Kengele hakutaka kuisubiri. Nilimpa karatasi ya aluminiamu niliyoikunja na bakuli la maji, nikamwambia hiyo ni laini kuliko kromu, inatoa kutu bila kukwaruza. Akaigeuza mkononi kwa mashaka. "Hii ya kufungia nyama?" Hiyohiyo, shangazi. Akavua pete, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akaanza. Maji yakawa ya kahawia, nikabadilisha, yakawa ya kahawia tena. Baada ya kama saa moja sehemu ya juu ilianza kuitika, duara dogo la ukubwa wa sarafu, limejaa vidoti vyeusi. Akaiinua karibu kabisa na jicho lake lile ambalo bado zima, akaigeuza kuelekea dirishani.

"Bado," akasema. "Leta maji mengine."